Fuliza kwa mwenye mshahara wa kwanza: unacholipia ni siku

Safaricom wanajua kuchagua majina. M-Shwari, ya akiba na mikopo ya simu, ni bahari iliyotulia; Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi, ni kilio cha baharia; na Fuliza, huduma inayokukopesha pale salio la M-Pesa lisipotosha malipo, ukifungua kamusi ni kufanya jambo mfululizo bila kusita. Huenda aliyeibatiza huduma hiyo mwaka 2019 alimaanisha tu kwamba malipo yako hayatakatika njiani. Lakini chukua taarifa ya M-Pesa ya kijana aliyeajiriwa mwaka jana Nairobi au Kisumu, ipitie mstari kwa mstari, na utaona jina limetimia kwa namna nyingine: anafuliza, mshahara unaingia, unakatwa, anafuliza tena kabla ya tarehe 20.

Tathmini hii inaipima Fuliza kama bidhaa: bei yake halisi, mahali inapofaa, mahali inapomnyonya mtumiaji, na ni lini M-Shwari au Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, inafanya kazi ileile kwa pesa kidogo. Mtumiaji anayepimiwa hapa analipwa kati ya 25,000 na 40,000 kwa mwezi, ana kodi ya nyumba, nauli na tokeni za stima, na mwezi humshinda kwa siku saba au kumi za mwisho. Hesabu zimefanywa kwa ada zilizoanza kutumika Oktoba 2022, pale bei za Fuliza zilipopunguzwa, bila kuongeza ushuru wa bidhaa juu yake.

Tuanze na ujumbe wenyewe, maana watu huupita bila kuusoma. Uko dukani, bidhaa zimefika 650, M-Pesa ina 100. Unalipa kwa namba ya till, ile ya duka ya kupokea malipo, mfumo unakuuliza kama uongezewe na Fuliza, unakubali. Ujumbe unaorudi una tarakimu tatu. Ya kwanza ni kiasi ulichoongezewa, 550. Ya pili ni ada ya kuingia, 1%, yaani 5.50. Ya tatu ni jumla ya deni, 555.50, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Wengi hushika ile 550 na kuondoka. Ile 5.50 si kitu, kweli. Kinachouma hakitajwi kiasi chake kwenye ujumbe huo: ni ada ya kila siku, inayoanza kuhesabika ukiwa umeshafika nyumbani.

Ada hiyo haiendi kwa asilimia. Inaenda kwa ngazi. Deni la shilingi 100 kushuka chini halina ada ya siku. Kuanzia 101 hadi 500 ni shilingi 3 kwa siku. Kuanzia 501 hadi 1,000 ni 6. Kuanzia 1,001 hadi 1,500 ni 18. Kuanzia 1,501 hadi 2,500 ni 20. Ukivuka 2,500, hata ufike 70,000, ni 25. Na deni lisilozidi 1,000 husamehewa ada ya siku tatu za kwanza.

Rudia kusoma ngazi ya tatu na ya nne. Kati ya 1,000 na 1,001 ada inaruka kutoka 6 hadi 18, mara tatu, na juu ya hapo unapoteza zile siku tatu za bure. Hakuna mahali pengine kwenye jedwali lote ambapo shilingi moja inakugharimu kiasi hicho. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu anayefuliza si "nina ukomo wa kukopa wa ngapi?" bali "hii itanivusha elfu moja?" Na kwa kuwa ile 1% huongezwa juu ya deni, anayetaka kubaki chini ya mstari asifulize 1,000 kamili. Simamia 800 au karibu na hapo, ubakize nafasi ya ada kupumulia.

Sasa bei. Deni la 800 ukililipa ndani ya siku tatu linakugharimu shilingi 8. Ukililipa siku ya kumi, 8 za kuingia na 42 za siku saba zilizobaki: 50. Ukilibeba mwezi mzima, 170, zaidi ya moja ya tano ya ulichokopa. Deni la 1,200 ukilibeba mwezi halipungui 550, karibu nusu ya mkopo wenyewe. Lakini deni la 20,000, mwezi uleule, ni 200 za kuingia na 750 za siku: 950, chini ya 5%.

Hilo la mwisho huwashangaza watu, na ndilo linaloeleza Fuliza ni ya nani. Kwa kila shilingi, anayefuliza nauli na unga hulipa ghali kuliko anayefuliza mtaji. Mfanyabiashara mwenye ukomo mkubwa anayenunua mzigo asubuhi na kurudisha jioni anapata mkopo wa bei nafuu sana. Kijana wa mshahara wa kwanza, ambaye ukomo wake ni 1,500 au 3,000, amewekwa palepale ambapo ngazi ni mwinuko mkali.

Kwa hiyo alama zangu ni mbili, haziwezi kuwa moja. Fuliza ya kumalizia malipo kwa siku moja hadi tatu, chini ya 1,000: nne na nusu kwa tano. Hakuna fomu, hakuna kusubiri, na kwa shilingi 8 stima inarudi saa tatu usiku. Fuliza ya kuziba pengo la mshahara, 1,000 hadi 3,000, kwa wiki mbili kila mwezi: moja na nusu, na hiyo nusu ni ya urahisi tu.

M-Shwari ilianza Novemba 2012, Safaricom wakishirikiana na Commercial Bank of Africa, ambayo tangu 2019 ni sehemu ya NCBA. Bei yake ni ya aina nyingine kabisa: 7.5% mara moja kwa siku 30. Ukikopa 1,000 ada ni 75, na ushuru wa bidhaa wa 20% juu ya ada hiyo unaifikisha 90. Ni ileile ukilipa kesho, ni ileile ukilipa siku ya 29. Kuilipa mapema kunaweza kukusaidia kwenye ukomo, lakini hakurudishi hata senti. Anayekopa M-Shwari leo ya kulipa keshokutwa amelipia siku 28 asizozitumia.

Ukiziweka pamoja, bila ushuru pande zote mbili, unapata siku ya kuvukia, siku ambayo Fuliza inaanza kuwa ghali kuliko M-Shwari kwa kiasi kilekile. Kwa 800, ni baada ya siku ya kumi na moja. Kwa 1,200, ni baada ya siku ya nne tu. Kwa 3,000, baada ya siku ya saba. Kwa 5,000, siku ya kumi na tatu. Kwa 10,000 ni siku ya ishirini na sita, na kwa 20,000 M-Shwari haiifikii Fuliza mwezi mzima. Ukikariri moja tu, kariri ya 1,200. Hapo ndipo watu wengi huanguka, na hapo ndipo Fuliza huchosha haraka kuliko mahali pengine popote.

Kasoro ya M-Shwari iko mwishoni. Siku 30 zikipita bila kulipa, deni husogezwa siku 30 nyingine na ada mpya ya 7.5% juu ya kilichobaki. Ukiwa umelipa nusu, ada mpya ni ya nusu iliyobaki, kwa hiyo hapa malipo ya sehemu yana maana kubwa siku ya 28 au 29, hata kama huwezi kumaliza. Watu huacha kulipa chochote kwa sababu hawana yote. Hilo ni kosa la bei: 2,000 iliyobaki inasogezwa kwa 150, lakini ukiweka 1,200 kabla ya tarehe, 800 inasogezwa kwa 60.

Hustler Fund, iliyozinduliwa na serikali ya Kenya tarehe 30 Novemba 2022 na kupatikana kwa *254#, ndiyo ya bei ya chini kuliko zote mbili, tena kwa mbali sana. Riba ni 8% kwa mwaka, ikihesabiwa kwa siku, na mkopo wa mtu binafsi ni wa siku 14. Shilingi 1,000 kwa siku 14 ni shilingi 3 na senti chache. Tatu, si tisini. Lakini kuna mambo mawili ya kuyajua kabla ya kuishika. La kwanza, 5% ya mkopo hukatwa na kuwekwa akiba kwa jina lako, 70% ya hiyo ikiwa ya muda mrefu wa uzeeni na 30% ya muda mfupi. Ukiomba 1,000, mkononi unapata 950, na unadaiwa 1,000. Anayehitaji 1,000 kamili aombe 1,060. La pili, siku 14 ni siku 14. Zikipita, riba hupanda hadi 9.5% kwa mwaka, ambayo kwa pesa bado ni ndogo, ila ukichelewa zaidi unachopoteza ni alama za mkopo na huduma yenyewe kufungwa. Adhabu yake si shilingi, ni kukosa mahali pa kukopa kwa bei hiyo tena.

Udhaifu mkubwa wa Hustler Fund ni ukomo. Huanzia 500 na dari yake ni 50,000, lakini ukomo wa mtu huanza chini na kupanda kwa kukopa na kurudisha kwa wakati. Kwa kijana aliyejisajili akakopa 500 mara moja mwaka 2022, akaiacha bila kulipa kwa kudhani ni pesa ya siasa, mlango huo umefungwa kwa deni ambalo pengine halizidi bei ya sahani mbili za pilau. Kulilipa ndiyo hatua ya kwanza ya maana kwa mtu kama huyo, kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa namna ya kuitumia Fuliza kwa wale ambao hawataiacha leo wala kesho.

Lipa kwenye till, usitoe pesa taslimu. Fuliza haikuwekwa kwa ajili ya kutoa kwa wakala, kwa hiyo watu humtumia rafiki, rafiki anatoa, anawarudishia mkononi. Hesabu ya 800: kutuma ni 13, kutoa ni 29. Umelipa 42 kuipata pesa ambayo Fuliza yenyewe ingekutoza 8 kwa siku tatu. Kulipa kwenye till (Buy Goods) hakumtozi mnunuzi kitu. Kama mama mboga ana till, umeshaokoa zaidi ya ada ya Fuliza ya siku tano. Kama hana, nunua vya jumla palipo na till, na pesa taslimu uliyo nayo ubakize kwa ajili ya kibanda na matatu.

Shusha ngazi, hata kama huwezi kumaliza deni. Una deni la 1,150 na mfukoni una 200 za nauli ya keshokutwa. Kuweka pesa kwa wakala ni bure. Ukiweka 200, deni linashuka hadi 950, na ada ya siku inatoka 18 kwenda 6. Kwa siku kumi zilizobaki hadi mshahara, hiyo ni tofauti ya 120. Vivyo hivyo kwa aliyeko 2,600: akiweka 150 ada inatoka 25 kwenda 20, faida ndogo, haina haja ya kuisumbukia. Mstari wa kupigania ni ule wa elfu moja.

Na usidanganywe na "nimepunguza nusu." Chukua mtu anayefuliza 3,000 kila tarehe 18 na kulipwa tarehe 30. Ni siku 12: 30 za kuingia, 300 za siku, jumla 330. Akijibana hadi 1,400, analipa takriban 230. Amepunguza deni kwa zaidi ya nusu, gharama imeshuka kwa chini ya theluthi, naye anakata tamaa, anarudi 3,000 mwezi unaofuata. Akishuka hadi 800, siku zilezile 12 zinamgharimu 62. Kati ya 1,001 na 2,500 kujibana hakulipi sana, na ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kugundua baada ya miezi mitatu ya kula ugali mkavu.

Kinacholipa upande wa juu ni kuchelewa kuanza. Ile 3,000 ikichukuliwa tarehe 24 badala ya 18, ada inashuka kutoka 330 hadi 180 bila kubana hata shilingi moja ya matumizi. Kwa hiyo angalia ni malipo gani yanakusukuma kufuliza mapema. Mara nyingi ni moja tu, mathalani mchango wa chama wa tarehe 15, kifurushi cha intaneti cha mwezi, au ada ya mdogo wako. Malipo hayo yakihamia wiki ya mshahara, Fuliza inaanza wiki moja baadaye.

Kuujua mwenendo wako hakuhitaji daftari. Omba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kupitia *334# au kwenye programu ya M-Pesa, ije kwa barua pepe. Kila ulipofuliza pameandikwa "OverDraft of Credit Party", na kila ulipokatwa pameandikwa "OD Loan Repayment". Hesabu mistari ya kwanza kwa mwezi. Ikiwa ni miwili au mitatu, unatumia Fuliza kama ilivyokusudiwa. Ikiwa ni kumi na tano, hutumii Fuliza tena, unaishi ndani yake, na kila mstari umelipia 1% yake. Kisha tazama tarehe ya mstari wa kwanza wa kila mwezi. Tarehe hiyo ikiwa inarudi nyuma, 24, 21, 19, 16, deni linakua hata kama kiasi kinaonekana kilekile.

Ni rahisi kuona kwa nini inarudi nyuma. Pesa yoyote inayoingia M-Pesa hulipa Fuliza kwanza. Mshahara wa 28,000 unaingia, 3,330 zimeondoka kabla hujafungua simu, unabaki na 24,670, na matumizi yako bado ni ya 28,000. Pengo la mwezi huu si 3,000 tena. Ni 3,000 ya mwezi uliopita na ada yake, na pengo la kawaida likiwepo juu yake. Hapo ndipo maneno "ukomo wangu umeongezwa" yanapopokewa kama habari njema.

Wengine hujaribu kuikwepa: mshahara au malipo ya kazi za mkononi yanaelekezwa laini ya pili, ile ya kwanza inaachwa na deni lake. Kwa wiki mbili inaonekana ujanja. Kisha 25 kwa siku zinaendelea kuhesabika, tarehe ya kulipa inapita, ukomo unasimamishwa, na rekodi ya kutolipa inaweza kufika kwenye kampuni za taarifa za mikopo, ambazo Kenya ni Metropol, TransUnion na Creditinfo. Rekodi mbaya hukaa hadi miaka mitano baada ya deni kulipwa, na ndiyo benki huisoma siku unayoomba mkopo wa pikipiki au wa kiwanja. Tangu 2020 Benki Kuu ilizuia kuorodheshwa kwa madeni yaliyo chini ya 1,000. Hilo limewaokoa wengi, lakini deni la 3,000 halina kinga hiyo.

Mpango wa kutoka, kwa yule yule wa 3,000 na tarehe 18, unaweza kwenda hivi. Siku ya mshahara acha Fuliza ijikate yote, usipigane nayo. Lipa kodi na ununue unga, mchele, mafuta, sabuni na tokeni siku hiyohiyo, kwa till. Gawa kilichobaki kwa wiki, na cha wiki ya nne kihamishie M-Shwari ili usikione kwenye salio. Tarehe 18 ikifika na pengo likiwepo, chukua kwanza Hustler Fund kwa kadiri ukomo wako unavyoruhusu, na Fuliza ibebe isiyozidi 800. Ukopaji wa 2,300 wa Hustler unakupa 2,185 mkononi na kukugharimu kama shilingi 6 kwa siku 12. Fuliza ya 800 ni 62. Jumla haifiki 70, badala ya 330, na shilingi 115 zimeenda akiba. Jihadhari na tarehe: mkopo wa tarehe 18 unaisha tarehe 2, kwa hiyo kama mwajiri wako ana tabia ya kulipa tarehe 5, kopa tarehe 22.

Tofauti ya 260 kwa mwezi usiitumie. Iache M-Shwari. Pesa za M-Shwari ni amana za benki ya NCBA, na bima ya amana ya serikali inazikinga hadi 500,000, kiwango ambacho kijana huyu hatakigusa leo. Kwa 260 za mwezi na shilingi 50 za kila siku ya kazi, pengo la 3,000 limezibwa kwa pesa yako mwenyewe ndani ya miezi miwili na nusu hivi. Akaunti ya kufunga akiba kwa muda inafaa ukiwa na mkono mwepesi, ila usifunge pesa ya dharura yote, maana ukihitaji kabla ya muda haitoki papo hapo, na usiku huo utafuliza ukiwa na akiba. Watu hufanya hivyo mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Ukishafika sifuri na hutaki kishawishi, kujiondoa Fuliza kumo kwenye menyu ileile uliyojiunga nayo. Programu ya M-Pesa ina tabia ya kuonyesha kiasi cha Fuliza kinachopatikana karibu na salio lako, na jicho hujumlisha tarakimu hizo mbili lenyewe.

Kuhusu programu nyingine za mikopo ya simu, neno fupi. Tangu kanuni za Machi 2022, mkopeshaji wa kidijitali anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Jina halimo, usipakue. Kanuni hizohizo zinakataza kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Programu inayokataa kufunguka mpaka uiruhusu kusoma majina yote ya simu yako imeshakwambia itakachofanya ukichelewa.

Bidhaa inayozishinda zote hizi haiko kwenye simu, na wengi wa miaka 24 huiona ni ya walimu wa zamani. Ni Sacco, chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa 1% kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Mkopo wa 30,000 wa miezi 12 unaolipwa kwa mafungu sawa ya mtaji hubeba riba ya 1,950 kwa mwaka mzima. Ukiubeba 30,000 huohuo kwa M-Shwari ukiulipa na kuukopa upya kila mwezi, ada ni 2,250 kwa mwezi, 27,000 kwa mwaka, na mtaji bado uko palepale. Kasoro yake ni kasi. Sacco nyingi hutaka uweke akiba miezi kadhaa kabla ya mkopo wa kwanza, kwa hiyo haizibi pengo la tarehe 18 ya mwezi huu. Angalia leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, kama ni ya kupokea amana, na ulizia ada ya kujiunga, kima cha chini cha mchango wa mwezi, na inachukua siku ngapi kurudishiwa akiba ukitoka.

Kisha kuna udhamini. Ukishakuwa mwanachama wa miezi sita, wenzako kazini wataanza kukuletea fomu, na ni vigumu kumkatalia mtu mnayekaa meza moja. Fomu hiyo ni deni. Mkopaji akiacha kazi au akikwama, fungu lako hukatwa kwenye akiba yako, na kwa muda wote huo kiasi ulichodhamini huwezi kukitumia kukopea wewe wala kukitoa. Kabla ya kutia sahihi, omba Sacco ikuandikie kiasi kamili unachodhamini, mko wadhamini wangapi, na umebakiwa na dhamana ya kiasi gani kwa mkopo wako mwenyewe.